Fomu Iliyopungua Mistari Minne

Habari za Handeni, habari za Korogwe, na wewe uliyekaa pale Segera njia panda ukisubiri basi huku redio ya simu iko sikioni, habari za safari.

Jioni hii nimekuja na jambo ambalo ukisikia jina lake tu utataka kugeuza stesheni. Fomu. Naam, ile karatasi ya jina kamili, kijiji, kata, tarehe, saini. Tena si fomu ya karatasi tu, bali fomu iliyomo ndani ya kompyuta. Usigeuze kwanza. Nitakusimulia jinsi mistari minne ilivyopotea kwenye fomu moja hapahapa Handeni, na kupotea kwake kukawagombanisha watu waliokuwa wakiazimana chumvi.

Lakini nianze na swali. Umewahi kujaza fomu kwenye kompyuta ukafika palipoandikwa "Jina kamili", na mbele yake nukta, nukta, nukta hadi mwisho wa mstari? Ukabofya katikati ya zile nukta, ukaanza kuandika, na kadiri unavyoandika nukta zinakimbia? Zinaruka mstari, zinausukuma wa chini yake, nao unausukuma mwingine. Ukija kumaliza kuandika jina la baba na la babu, neno "Saini" limehamia ukurasa wa pili, limekaa peke yake kama abiria aliyeachwa na basi. Umewahi?

Kama umewahi, mazungumzo haya ni yako. Kama hujawahi, basi binti wa steshenari anayekuchapia anayajua, na huenda katika ile hela unayomlipa umo ujira wa kuzikimbiza hizo nukta.

Sasa hadithi yetu. Ni ya kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA kama tulivyozoea kuviita. Sitakitaja jina, maana watu wake ni majirani na kosa lenyewe, kama mtakavyosikia, halina mwenyewe. Vikundi hivi mnavijua, vimejaa kuanzia Chanika hadi Mkata, na upande wa pili Mombo na Magoma. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vina mahali pake katika sheria, daraja la nne. Vinatakiwa kusajiliwa na kuweka kumbukumbu. Na kumbukumbu, ndugu zangu, ni karatasi.

Kikundi hiki kilikuwa na fomu yake ya mkopo, ukurasa mmoja. Juu mkopaji, katikati kiasi cha mkopo na marejesho, chini mdhamini. Na pale chini, kabla ya saini ya mdhamini, palikuwa na mistari minne inayosema kwamba mkopaji akishindwa kulipa, deni lililobaki ni juu ya mdhamini. Katibu, kwa kutaka kurahisisha mambo, akalirusha faili la fomu hiyo kwenye kundi la WhatsApp. Anayetaka kukopa anakwenda steshenari, anajaziwa, anachapiwa, anakuja nayo kikaoni ikiwa tayari. Mambo safi.

Yakaenda hivyo kama mwaka mmoja. Kisha mkopaji mmoja akakwama. Akaitwa mdhamini wake, mzee mmoja mpole, mtu wa maneno machache.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi deni limerudi kwako, mzee wetu."

"Wapi pameandikwa?"

Katibu akatazama juu, akatazama chini, akaigeuza karatasi nyuma. Mistari minne haipo. Mzee alikuwa amesaini chini ya maneno "Namfahamu mkopaji", basi. Na kwa haki kabisa akasema: mimi nilisaini kwamba namfahamu, na kweli namfahamu.

Wakalifungua jalada zima. Fomu nyingine zina mistari yote minne. Nyingine zina miwili. Moja sentensi yake imekatika kwenye neno "akishindwa", na baada ya hapo ni saini tu. Hapo maneno yakaanza. Nani amefuta? Nani kamtuma? Mbona fomu ya shemeji yake mwenyekiti ndiyo iliyokatika? Mnajua kikao kinavyokuwa kikifika hapo.

Ukweli ulitoka steshenari, na uliwaacha wote midomo wazi. Dada anayechapa alipoulizwa hakuficha kitu. Alisema hivi: "Jina la mama lilikuwa refu, na la kijiji refu, fomu ikawa inatoka karatasi mbili. Mama alikuwa na hela ya karatasi moja. Nikaibana."

Nikaibana. Alifuta mistari ambayo machoni pake haikuwa na kazi, kwa sababu haikuwa na mahali pa kujaza, ili mama wa watu asilipe karatasi ya pili. Hapakuwa na wizi. Palikuwa na huruma, na faili lililokubali kila kitu. Yule mzee, nimeambiwa, mwishowe alilipa nusu ya deni, kwa ajili ya ujirani. Fomu haikumlazimisha.

Nimekaa na hadithi hii siku nyingi, nikijiuliza: zamani ilikuwaje? Kwa nini sikumbuki mzazi wangu akilalamika kwamba fomu imepotea maneno?

Jibu nililolipata ni kalamu. Fomu zetu zilizaliwa kwenye taipureta. Wakubwa watakumbuka kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilikaa miaka. Kwa hiyo makatibu muhtasi wetu, wakiwemo waliopita Chuo cha Uhazili Tabora, waliendelea kupiga fomu kwa mashine: wanaandika swali, kisha kidole kinakaa kwenye kitufe cha nukta, tatatatata hadi ukingoni. Stensili inakwenda kwenye mashine ya kurudufu, zinatoka nakala mia. Unapewa moja, unachukua kalamu, unaandika juu ya nukta. Nukta haziendi popote! Zimelala pale kama reli, na wewe unapita juu yake. Ukitaka kufuta sharti usilolipenda, itabidi ulikate kwa wino, na kila mtu ataona umelikata.

Yaani karatasi ilijilinda yenyewe. Hakuna aliyeifundisha. Aliyeuliza aliandika kwa mashine, aliyejibu aliandika kwa kalamu, na macho yakatofautisha papo hapo neno la huyu na neno la yule. Kisha tukaichukua fomu ileile, pamoja na nukta zake, tukaiingiza kwenye Word. Sasa aliyeuliza na aliyejibu wanaandika kwa kibodi moja, herufi moja, wino mmoja. Jibu linaweza kula swali na lisiache hata mfupa.

Hapo ndipo ninapopataka. Fomu, msikilizaji, ni shamba la watu wawili. Maswali ni ya anayeuliza, majibu ni ya anayejibu. Na sisi wa Handeni tunapaswa kuelewa haraka kuliko wengine, maana habari za mipaka na karatasi tumezipata mapema. Mnakumbuka MKURABITA, ule mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, ulioanza mwaka 2004 kwa msaada wa taasisi ya yule mchumi wa Peru, Hernando de Soto? Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kujaribiwa urasimishaji wa ardhi vijijini. Wengi mnaonisikiliza mna Hati ya Hakimiliki ya Kimila ndani ya sanduku, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Itoe siku moja uitazame. Kuna maneno yaliyopangwa na kanuni, yaleyale kwa kila mtu. Na kuna maneno yako: jina lako, kijiji chako, shamba lako. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kubuni masharti yake siku ya kusaini, wala wewe huwezi kupunguza. Uwanja wa maneno umegawanywa, na ndiyo maana karatasi ile ina nguvu.

Sasa fomu ya kikundi, fomu ya shule ya chekechea, fomu ya wakulima wa mkonge kuomba mbegu, hizi hazina kanuni ya serikali ya kuzilinda. Zinalindwa na aliyeziandaa, na mara nyingi hakuzilinda kabisa. Basi kanuni yetu ya leo iwe fupi, na nitairudia mpaka mnichoke: maswali yafungwe, majibu yaachwe wazi.

Unaifungaje? Nitaeleza kwa wanaotumia Word, kisha nitawageukia wengine. Kama una kalamu karibu, ichukue. Kama unaendesha, endesha tu, utamuuliza mwenzako.

Jambo la kwanza, ondoa nukta. Zote. Nukta ni za kalamu. Mahali pake chora jedwali: kushoto swali, kulia nafasi ya jibu. Mistari ya jedwali haikimbii hovyo. Kwa hilo peke yake nusu ya maradhi imepona, na hata usipofanya jingine lolote nitakaloeleza jioni hii, fanya hili.

Jambo la pili, pale panapotakiwa jibu weka kisanduku cha kujazia. Word inavyo vya aina nyingi: cha maandishi, cha kuchagua tarehe kwenye kalenda, cha kuchagua jibu kwenye orodha, cha kuweka alama ya vema. Vinapatikana kwenye kichupo kinachoitwa Developer, na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu Word imekificha. Inabidi uingie kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya kupanga vichupo vya juu, ukiwekee alama ndipo kitokee. Sijui kwa nini kitu cha manufaa namna hii kimefichwa kama pipi za mtoto. Visanduku hivi vilikuja na Word ya mwaka 2007, na kile cha alama ya vema kikaongezwa katika ile ya 2010. Kwa hiyo hata kompyuta kuukuu ya steshenari pale stendi ya Korogwe, ukiitafuta vizuri, inavyo.

Nisimame kidogo kwenye ile orodha ya kuchagua, maana ni tamu. Fomu ngapi umeona pameandikwa "Wilaya" na watu wakajaza kila mmoja kwa mtindo wake? Huyu Handeni, huyu Handeni Mjini, huyu H/W Handeni, yule kaweka jina la tarafa. Halafu katibu akitaka kuwahesabu wa mjini na wa vijijini, anakaa usiku kucha. Na Korogwe vilevile, kuna halmashauri ya mji na kuna ya wilaya, si kitu kimoja. Ukiweka orodha yenye majina manne tu, mjazaji anachagua, hana namna ya kukosea tahajia. Hapa umemlinda na makosa yake mwenyewe, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Jambo la tatu, sasa ndiyo kufuli lenyewe. Nenda kichupo cha Review, tafuta Restrict Editing, maana yake zuia kuhariri. Pembeni utafunguka ubao mwembamba. Weka alama pale panaposema kuruhusu aina moja tu ya uhariri, kisha kwenye orodha yake chagua Filling in forms, yaani kujaza fomu. Bonyeza kitufe cha kuanza ulinzi. Itakuuliza neno la siri, mara mbili. Basi. Kuanzia hapo mjazaji akibofya kwenye swali, hapati kitu. Kishale kinarukia kwenye kisanduku cha jibu. Akibonyeza kitufe cha Tab anakwenda kisanduku kinachofuata. Swali liko pale kama mkonge uliopandwa mpakani: unaliona, unapita pembeni yake.

Na kama kuna sehemu unayotaka iwe huru, tuseme maelezo marefu ya mwombaji, gawa hati katika sehemu mbili. Word itakuruhusu kuchagua sehemu ipi ifungwe na ipi iachwe. Ila picha ya pasipoti, ushauri wangu, ibandike kwa gundi baada ya kuchapa. Teknolojia nyingine haijapitwa na wakati.

Nirudie kwa aliyechelewa: nukta nje, jedwali ndani, visanduku kwenye majibu, kisha zuia kuhariri, ruhusu kujaza fomu tu. Maswali yafungwe, majibu yaachwe wazi.

Haya, sasa nataka nikutahadharishe, nisije nikakuuzia kufuli la plastiki kwa bei ya chuma. Neno la siri la kufunga fomu ni uzio wa miiba. Wafugaji wananielewa: miiba inamzuia mbuzi, haimzuii mwizi. Mtu mwenye ujuzi kidogo na nia mbaya anaweza kuyachukua maneno yaliyomo kwenye fomu, akayapeleka kwenye hati mpya isiyo na ulinzi, akabadilisha anachotaka. Ulinzi huu unazuia kidole kilichoteleza, unazuia nukta zinazokimbia, unazuia huruma ya dada wa steshenari. Haukuwekwa kwa ajili ya tapeli. Kwa tapeli unahitaji kitu kingine: katibu kubaki na fomu asilia iliyochapwa, na kila iliyojazwa kulinganishwa nayo kabla watu hawajasaini.

Usilichanganye neno hili la siri na lile la kufungulia faili. Lile ni jambo jingine. Lile linayavuruga maandishi kwa siri hata asiye nalo asisome neno. Ukiweka lile kwenye fomu ya kikundi, umemfungia mjazaji nje ya nyumba. Na kuna kitu cha tatu humo humo kwenye Word, alama ya kusema kwamba hati hii ni ya mwisho, isiguswe. Hiyo ni kibao tu cha "tafadhali usikanyage majani". Msomaji anabofya mara moja, anakanyaga.

Na neno la siri anakaa nalo nani? Hapa nimeona vituko. Katibu anaweka neno la siri, anahamia Dar es Salaam, au Mungu anamchukua, na fomu inabaki imefungwa kwa neno analolijua mtu mmoja. Waliotengeneza Word hawawezi kukurudishia neno lililosahaulika. Kwa hiyo liandikwe kwenye daftari la kikundi, linalokaa kwa mweka hazina au mwenyekiti, na lisiwe jina la mtoto wa katibu. Au, kwa fomu isiyo na mambo makubwa, acha neno la siri kabisa. Word inakuruhusu kufunga bila neno: mbuzi atazuiliwa vilevile.

Kuna swali moja najua mtu wa steshenari ananiuliza hivi sasa huku akitikisa kichwa: na karatasi ya pili je? Ni swali la haki. Ukifunga maneno yote lakini ukapanga fomu yako kwa kubanana, jina refu likija bado litaisukuma fomu hadi karatasi ya pili, na mama bado atakuwa na hela ya karatasi moja. Kufuli halijaondoa umaskini. Yule dada hataweza tena kufuta, kwa hiyo ataichapa fomu nzima upya kwa mkono, kwa kuikumbuka, na hapo utajuta kwa nini hukumwachia ile ya kwanza. Basi kabla ya kufunga, jaza fomu yako kwa jina refu kuliko yote unayoyajua. Majina ya watu wetu ni manne manne: lake mtu, la baba, la babu na la ukoo. Jaza kijiji chenye jina refu. Ikibaki ukurasa mmoja na nafasi ikasalia, funga. Isipobaki, punguza ukubwa wa herufi au punguza maswali. Mengine, tusemane ukweli, hayana kazi. Fomu ya kukopa shilingi elfu hamsini inamuuliza mtu dini yake kwa nini?

Na hapo nimegusa jambo jingine ambalo linakaa karibu na hili. Nenda steshenari yoyote, omba kujaziwa fomu. Mara nyingi dada anafungua faili, na faili lina majibu ya mtu aliyetangulia: jina lake, namba yake ya NIDA, namba ya simu, mshahara. Anafuta moja moja na kuandika yako juu yake. Akisahau moja, fomu yako inakwenda ofisini na simu ya mtu mwingine. Na hata asiposahau, wewe umeshasoma mambo ya jirani yako kwenye skrini. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sisemi kwamba dada wa steshenari akamatwe, Mungu apishe mbali. Nasema dawa ipo, na ni rahisi: fomu ihifadhiwe kama kiolezo.

Kiolezo ni nini? Ni kama kile kikaango cha mpishi wa vitumbua, kile chuma chenye mashimo. Unamimina, unatoa, chuma kinabaki kilekile kitupu. Unapohifadhi fomu kwenye Word, mahali pa kuchagua aina ya faili, chagua template badala ya hati ya kawaida. Kuanzia hapo kila anayelibofya faili hilo hapati lenyewe, anapata nakala mpya, tupu, isiyo na jina. Akijaza, atahifadhi yake kwa jina lake. Kile cha asili hakijaguswa. Mteja wa pili hakuti chumvi ya mteja wa kwanza.

Sasa wale wasio na Word, au wenye ile ya kunakiliwa ambayo kila siku inawadai leseni. Kuna LibreOffice, ni ya bure kihalali. Nayo inaweza kufunga sehemu ya hati kwa neno la siri, na matoleo yake ya kuanzia 2022 yameongeza visanduku vya kujazia vinavyofanana na vya Word. Tena ina uwezo ninaoupenda: unatengeneza fomu, kisha unaitoa kama PDF inayojazika. Mtu anaifungua, anajaza kwenye nafasi zake, maneno mengine hayagusiki kwa programu ya kusomea tu. Na niwakumbushe vijana jambo: programu ya ukoo huu iliwahi kusema Kiswahili mapema sana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, menyu zake kwa Kiswahili. Leo mimi nakaa hapa kwenye maikrofoni nikikutajia Developer na Restrict Editing, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Nalisema hili bila hasira, ila nalisema.

Na simu? Najua wengi wetu kompyuta yetu ni simu. Hapa uwe mwangalifu. Fomu iliyofungwa vizuri kwenye kompyuta inaweza kukataa kabisa kujazwa kwenye simu, ukaisoma tu. Programu za kwenye simu haziheshimu visanduku kwa namna moja. Kabla hujaisambaza fomu yako kwa watu mia, itume kwanza kwa mtu mmoja mwenye simu ya kawaida, si ile yako nzuri. Mwambie ajaze akurudishie. Ikikataa, basi wa simu wapelekee PDF ya kuchapa, wajaze kwa kalamu. Kalamu, kama tulivyosema, haili swali.

Niwarudishe Handeni tulikoanzia. Kile kikundi waliisuka fomu upya. Nukta zikaondoka, jedwali likaingia, mistari minne ikarudishwa na safari hii ikapandishwa juu, mahali ambapo mdhamini anaisoma kabla hajafika kwenye saini. Wakaifunga. Na aliyeifunga, kwa ombi la kikundi, ni yuleyule dada wa steshenari, maana ndiye aliyekuwa na kompyuta na ndiye aliyejua fomu inabanwa wapi. Neno la siri likaandikwa kwenye jalada la daftari la mweka hazina. Katibu akalirusha faili jipya kwenye kundi la WhatsApp, akaweka na vidole gumba vitatu.

Ndipo yule mzee mdhamini, ambaye hana hata simu ya kugusa, akauliza kikaoni: "Na zile za zamani mlizokwisha kuzirusha, mtazifungia wapi?"

Kimya. Kwa sababu ni kweli. Faili ulilolituma jana halisikii kufuli uliloliweka leo. Liko kwenye simu arobaini, na wiki ijayo kuna mtu atalikuta hukohuko, alijaze, alilete. Wakakubaliana kwamba kila fomu iandikwe chini kabisa, kwenye ukingo wa ukurasa uliofungwa, "Toleo la 2" na tarehe, na isiyo na maneno hayo isipokelewe mezani. Nilipoonana na katibu hivi karibuni aliniambia bado wanaletewa zile za nukta, moja moja, na kila ikija dada wa steshenari anaijaza upya bila kulipisha.

Muda wetu umekwisha, fundi mitambo ananionesha saa. Mimi niwatakie usiku mwema, Handeni na Korogwe, na wewe wa Segera, basi lako hilo linaingia.